Dakika Tatu za Kupoza Turbo

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wenye magari na kwa wanaosukuma magari ya wenzao, kwamba katika mtaa huu ipo injini moja ya dizeli, silinda nne zimesimama mstari mmoja kama watu wa foleni ya kitambulisho, ubavuni ina turbo, na kwamba injini hiyo hupumzishwa kwa adabu ambayo hata wafalme hawajaionja. Haizimwi ghafla. Haizimwi kwa hasira. Mwenyewe akifika anakokwenda, hutoa gia, huvuta breki ya mkono, huweka mikono miwili juu ya usukani, na hukaa. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ndipo anapozima. Wapita njia na wavue kofia.

Mwenyewe ni dereva wa teksi wa miaka hamsini na saba, mgongo umeshika umbo la kiti chake, na mtaa mzima unamwita Dakika Tatu. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye leseni, leseni imo chini ya kapeti la gari, na hakuna anayevisumbua huko. Ni mtu wa maneno machache. Ukimweleza kwamba nyumba yako imeungua atakuuliza, "Yote?" Ukimwambia yote, atatikisa kichwa na kukufungulia mlango wa gari.

Kwa wasioijua turbo, na wengi wanaoitaja hawaijui, ni kidubwana chenye umbo la konokono mnene. Moshi ukishamaliza kazi ndani ya silinda na kufukuzwa, kabla haujafika kwenye eksozi uende zake, konokono huyu anaudaka na kuulazimisha uzungushe feni ndogo. Feni hiyo inazungusha mwenzake wa upande wa pili, na mwenzake anaishindilia hewa ndani ya injini. Yaani mstaafu anakamatwa mlangoni, mkoba mkononi, anarudishwa kazini. Kwa uonevu huo injini ndogo hupata nguvu za injini kubwa. Lakini feni inazunguka kwa kasi ya kutisha na chuma kinapata moto sana, na ukizima ghafla oili inaacha kupita, ile iliyobaki inaungulia humo humo, na turbo inakufa. Kwa hiyo kukaa kidogo kabla ya kuzima si ushirikina. Ni ushauri mzuri kabisa, kwa gari lenye turbo.

La Dakika Tatu halikuwa nayo.

Jambo hilo, kwa hesabu ya fundi wake, lilijulikana na mtu mmoja tu chini ya jua, na mtu huyo alikuwa yeye fundi. Na ubaya wa mambo ni kwamba fundi huyo alikuwa pia shemeji yake: alimuoa mdogo wa kike wa Dakika Tatu. Kwa miaka tisa siri ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hauteremki wala hautoki, kila akimeza mate anakumbuka.

Ilianza hivi. Miaka tisa nyuma gari lilifika gereji likifuka moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi. Fundi akafungua, akakuta feni za turbo zimelegea zinachezacheza na oili imejaa kwenye mabomba. Akaahidi siku nne. Akazunguka kwa wauza vipuri wote, wapya na chakavu, turbo ya injini ile hakuna. Siku ya nne asubuhi akatazama saa, akatazama barabara, akatazama gari, akafanya kitendo. Alizitoa feni zote mbili na mhimili wake, akaziba tundu la oili kwa boliti, akalirudisha ganda tupu mahali pake, akalisugua mpaka likang'aa kuliko lilipotoka kiwandani. Kisha akashika bisibisi akapunguza dizeli kwenye pampu, ili gari lisije likatoa moshi mweusi na kumsema hadharani. Likawaka. Likatembea. Lilipanda mlima kwa masikitiko, lakini lilipanda. Na hayo yote yalikuwa ya muda tu, wiki mbili hivi, mwezi kwa wingi, turbo ikipatikana ataichomeka kimyakimya na dunia itaendelea.

"Shemeji, wewe ni daktari," dereva alimwambia alipokuja kulichukua. "Sasa nifanye nini isife tena?"

Fundi alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hupenda kusema jambo zito. "Usizime ghafla," akasema, kidole juu. "Ukifika, kaa dakika tatu. Iache ipoe."

"Tatu?"

"Tatu. Ukipunguza hata moja, mimi simo."

Basi dereva akaenda, akakaa. Na hajaacha kukaa tangu siku hiyo.

Alikaa mbele ya benki, askari wa lango wakamzunguka mara mbili. Alikaa nje ya mahakama mpaka wakili aliyekuwa akingoja chenji akapoteza subira na kesi. Siku moja alimkimbiza mama mjamzito hospitali, akaendesha kwa ustadi mkubwa, akamkabidhi kwa wauguzi mlangoni, akarudi garini akakaa dakika zake tatu. Alipoingia ndani kuuliza hali, mtoto alikuwa ameshapimwa uzito. Abiria wa kudumu walizoea. Wengine walikaa naye, wakafunga vifungo, wakamaliza kujipaka poda. Mchungaji mmoja alitumia dakika hizo kutunga mahubiri, na waumini wanasema yanasikika hivyo.

Nyumbani ndiko sheria ilikokolea. Nyumba ya Dakika Tatu ina vyumba vitatu na maswali mia mbili. Mkewe ni mshonaji, cherehani iko sebuleni, na wateja wake huacha nguo na malalamiko pamoja. Mabinti ni wanne, kila mmoja ana ombi lake na wakili wake. Na yupo mama mkwe, aliyekuja kukaa wiki moja ili magoti yapate nafuu. Magoti yalipata nafuu mwaka ule ule, yeye bado. Gari likisikika langoni, wote husogea dirishani. Lakini hakuna anayetoka. Mama mkwe anasimama kando ya pazia, mkono juu kama mwamuzi wa mbio, macho kwenye saa ya ukutani.

"Bado," anasema. "Inapoa."

Injini ikinyamaza anaushusha mkono, na nyumba nzima inamwagikia uani.

Fundi aliyajua hayo yote, na kila kisa kilimchoma upya. Siku moja akiwa chini ya lori alipiga hesabu. Vituo kumi kwa siku, dakika tatu tatu, hiyo ni nusu saa. Siku mia tatu kwa mwaka. Kwa miaka tisa. Akachukua chaki akaandika kwenye tairi, na jibu lilipotoka akataka kulifuta kwa ulimi: siku hamsini na sita, mchana na usiku. Alikuwa amemnyang'anya kaka wa mkewe karibu miezi miwili ya uhai, amkalishe apoze ganda.

Kwa hatia hiyo akawa shemeji bora kupita kiasi. Gari la Dakika Tatu likifika gereji, mengine yote yanasukumwa kando. Na nyumbani kwa fundi kuna kiti kimoja tu cha maana, chenye mikono na mto wa mgongo, alichokinunua ili akizeekee. Kila Jumapili Dakika Tatu akija, fundi anainuka na kumpisha, yeye anakwenda kukaa juu ya kreti la soda.

"Mbona humpi hata baba yako hicho kiti?" mkewe alimuuliza.

"Kaka yako ana mgongo."

"Na baba yako ana nini, mkia?"

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mmoja azikwe, kama si kliniki ya kilimani. Kliniki hiyo iko juu kabisa, mwisho wa barabara ya kokoto inayojipinda mara saba. Walitaka gari na dereva wa kudumu: asubuhi kupandisha wauguzi, mchana kuteremsha sanduku la sampuli za damu kwenda maabara ya mjini, saa tisa umemaliza. Magari mawili yalishajaribu. Moja lilichemka kwenye kona ya nne. La pili lilirudi kinyumenyume bila kushauriana na dereva, likaegemea kibanda cha nyanya. Ndipo likabandikwa tangazo: gari liwe la dizeli, liwe na turbo, litajaribiwa mlimani Alhamisi saa tatu.

Dakika Tatu alilileta tangazo hilo gereji Jumatatu, limekunjwa mara nne mfukoni. Alikaa kwanza garini, kama kawaida. Fundi alisimama mlangoni akimtazama anavyokaa.

"Soma," Dakika Tatu akasema aliposhuka.

Fundi akasoma. Akasoma tena lile neno.

"Shemeji, kazi hii nzito. Mgongo wako..."

"Mgongo ndio unaoitaka. Saa tisa niko nyumbani. Teksi inanimaliza." Akamtazama fundi usoni kwa kitambo kidogo. "Wanataka turbo. Si tunayo?"

"Tunayo," fundi akasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya kuku aliyeshikwa miguu.

"Basi vizuri."

Jioni hiyo fundi hakula. Aliona picha nzima: gari linakufa kwenye kona ya tatu, mtu wa kliniki anafungua boneti, anagonga ganda, ganda linalia ngo ngo kama sufuria tupu, na shemeji yake, mbele ya watu, anageuka kumtazama. Kazi imekwenda. Heshima imekwenda. Na mke akisikia, kwa jinsi anavyompenda kaka yake, kiti nacho kimekwenda, pamoja na kreti.

Jumanne akafunga gereji. Alipanda mabasi matatu mpaka kwenye makaburi ya magari nje kabisa ya mji, na huko, chini ya gari lililopinduka, akaipata: turbo ya injini ile ile, nzima, feni zake zikizunguka ukizipuliza kwa mdomo. Muuzaji alimwona mtu mzima amekumbatia konokono wa chuma macho yamelowa, akampa na gazeti la kuifungia.

Jumatano akamwita shemeji. "Lilete nibadilishe oili kabla ya mtihani."

"Oili tu?"

"Na chujio."

Dakika Tatu akangoja kwenye benchi kibarazani kwa muuza duka wa jirani, tangu saa nne. Saa tisa akaja kuchungulia. Fundi alikuwa amejitanda juu ya injini mwili mzima, kama kuku juu ya mayai.

"Saa tano nzima, shemeji?"

"Chujio limegoma."

"Aha," akasema Dakika Tatu, akarudi kwenye benchi.

Fundi alitoa ganda, akafunga turbo, akazibua njia ya oili, akarudisha dizeli ya pampu kama ilivyokuwa zamani. Kisha, kwa furaha ya mtu anayetua mzigo wa miaka tisa, akaongeza kidogo. Akaongeza tena kidogo cha kumwomba Mungu msamaha. Dakika Tatu akalichukua gari akaondoka kwa mwendo wake wa siku zote, mwendo wa mtu aliyebeba trei ya mayai mapajani, na kwa mwendo huo turbo haiamki. Inalala hivyo hivyo mpaka injini ichangamshwe. Akafika kwake, akakaa dakika tatu, mama mkwe akashusha mkono. Hakuna aliyejua lililolala chini ya boneti.

Alhamisi saa tatu walikuwa chini ya mlima. Mbele, pembeni ya dereva, alikaa afisa usafirishaji wa kliniki, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, saa mkononi. Nyuma alikaa muuguzi mnene mwenye usingizi, na fundi, aliyesema amekuja kusikiliza injini. Katikati yao liliwekwa sanduku la sampuli, ndani chupa nne za maji zikiigiza damu.

"Dakika kumi," afisa akasema. "Usisimame njiani. Nenda, mzee."

Dereva aliyepanda milima kwa miaka tisa na gari lisilo na pumzi huwa na taratibu zake. Dakika Tatu alifunga vioo. Akazima feni ya hewa. Akaegemea mbele mpaka kidevu kikakaribia usukani, kwa sababu aliamini uzito wa kichwa unasaidia. Akapigapiga dashibodi mara mbili kama mtu anayembembeleza punda. Kisha akakanyaga mafuta mpaka sakafuni, kama alivyokanyaga siku zote, na kujiandaa kusubiri.

Kwa sekunde moja hakukuwa na kitu. Halafu, kutoka mbele, ikasikika filimbi nyembamba.

"Ni nini hicho?" afisa akauliza.

Gari liliruka. Kona ya kwanza waliiona, ya pili waliisikia. Muuguzi aliamka akiwa amekaa juu ya mapaja ya fundi, akalala tena kwa mshtuko. Fundi, badala ya kuogopa, alijikuta anacheka kwa sauti: miaka tisa, na sasa tazama! Sanduku la sampuli liligonga dari, likarudi, likagonga tena.

"Mzee!" afisa akapiga kelele. "Mzee, tunabeba damu, hatuitafuti!"

Dakika Tatu hakuwa na nafasi ya maongezi. Mguu wake, uliozoea miaka yote kubaki chini mlima mzima, ulikuwa haujapata habari. Wakatokeza kileleni wakiwa hewani kidogo, wakapita lango la kliniki, wakapita mgonjwa mwenye magongo aliyegundua ghafla kwamba hayahitaji, wakakata ubao mkubwa ulioandikwa ENDESHA POLEPOLE, WAGONJWA WANAPUMZIKA, wakasimama hatua tano kutoka mlango wa chumba cha maiti, ambako mhudumu alikuwa ameshaanza kuufungua.

Afisa akatazama saa. "Dakika mbili na nusu," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa polisi. Akashuka akishika mlango. Muuguzi akashuka, akakaa chini papo hapo. Sanduku likafunguliwa, na maji yakamwagika pamoja na vipande vya chupa zote nne.

Ndani ya gari injini ilikuwa inanguruma taratibu. Dakika Tatu alitoa gia. Akavuta breki ya mkono. Akaweka mikono miwili juu ya usukani. Akakaa.

Fundi kwenye kiti cha nyuma akaona kwamba mambo yamefika mwisho.

"Shemeji."

"Mm."

"Nina neno. Ni zito. Litaharibu undugu wetu, lakini nimechoka nalo." Akameza mate, mwiba ukamkumbusha. "Gari lako halikuwa na turbo. Miaka yote tisa. Ile siku nilizitoa feni nikakuwekea ganda. Nilitaka kukuambia siku ile ile, ukanisifu, nikashindwa. Zile dakika tatu nilizitunga. Turbo nimeifunga jana. Nimekupotezea siku hamsini na sita, shemeji, nimezipiga hesabu kwenye tairi. Na leo nimekupotezea kazi."

Dakika Tatu alikuwa anatazama ubao uliolala juu ya maua.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kuhusu turbo. Wiki ya pili nilifungua bomba la hewa nikatia kidole. Hakuna kitu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungeniondoa kwenye kile kiti."

Kabla fundi hajajua amelia au amecheka, afisa alikuwa dirishani, miwani imekaa upande. "Mzee, gari lako lina wazimu. Hiyo turbo kwenye tangazo aliiandika mkubwa wetu, alisikia mahali. Mimi nataka lipande bila kusimama na damu ifike ikiwa ndani ya chupa. Haliwezi kwenda kistaarabu?"

"Linaweza. Jumapili nililijaribu, likapanda kwa dakika nane, halikusimama."

"Na leo lilipatwa na nini?"

"Lilibadilishwa chujio."

Fundi akazama kwenye kiti mpaka akabaki macho.

"Basi lirudishe lilivyokuwa Jumapili," afisa akasema. "Kesho saa tatu nalipanda tena. Likinifikisha na chupa nzima, Jumatatu unaanza. Na ubao wetu mtausimamisha nyinyi wawili." Akaenda zake kumwinua muuguzi.

"Umesikia," Dakika Tatu akasema. "Itoe leo. Rudisha ganda."

"Nitaitoa, shemeji. Ndani ya saa mbili." Fundi alikuwa mwepesi kama aliyetapika, lakini jambo moja lilikuwa bado linamzunguka kichwani, halina pa kutua. Akainama mbele, katikati ya viti. "Ila niambie. Kama ulijua hakuna turbo, ile miaka yote, nyumbani, benki, mahakamani, kila siku dakika tatu, ulikuwa unafanya nini?"

Dakika Tatu akatazama saa ya dashibodi. Dakika ya tatu ilikuwa imetimia. Akazima.

"Nilikuwa nimekaa."